Nani Anazijibu Insha za Mtandaoni?



Likizo iliyopita nilimtuhumu mwanafunzi kwa kosa ambalo hakulitenda. Nilimtuhumu kwa maandishi, kwa sentensi tatu fupi ambazo bado zimo kwenye simu yangu. Nimeona nilieleze jambo hilo hapa kwa sababu tangu nirudi seminarini nimesikia mara kadhaa, mezani na hata darasani, kwamba utungaji ndilo somo jepesi kuliko yote kulipeleka mtandaoni: halina maabara, halina karakana, mwanafunzi anahitaji simu na kichwa chake tu. Wengine wanashikilia kinyume chake. Wanasema tangu ije akili unde somo hilo mtandaoni limekwisha kufa, kilichobaki ni mazishi. Sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili.

Ilikuwa hivi. Mwalimu aliyenifundisha sekondari sasa anafundisha katika chuo kimoja Unguja. Nilikuwa nyumbani Mji Mkongwe, asubuhi nikitumikia Misa Minara Miwili na mchana nikiwa sina kazi kubwa, akaniomba nimsaidie kusoma insha za darasa lake la utungaji wa Kiingereza, ngazi ya diploma, linalofundishwa lote mtandaoni. “Ninyi wa falsafa si kazi yenu kusoma?” aliniuliza. Sikuweza kumkatalia mtu aliyenifundisha kuandika aya.

Darasa lilikuwa na wanafunzi 63. Wengi wao ni watu wa kazi: wahudumu wa hoteli za Nungwi na Paje, wauza maduka ya Darajani, walimu wa skuli za msingi, fundi umeme mmoja, na akina mama kadhaa wanaosoma watoto wakishalala. Kwao chuo cha kuhudhuria kila siku hakipo kabisa. Anayefikiri kwamba masomo ya mtandaoni ni ya wavivu aende Nungwi saa nne usiku amwone mtu aliyesimama jikoni tangu mchana akitafuta kona yenye mtandao ili atume kazi yake kabla ya saa sita.

Wiki za mwanzo tulifundisha kwa video, saa mbili na nusu usiku, baada ya sala ya isha. Usiku wa kwanza waliingia 51. Wiki ya tatu waliingia 14. Sababu hazikuhitaji utafiti. Video inakula bando. Saa mbili na nusu ndiyo saa ya chakula cha wageni hotelini. Umeme ukikatika, simu iliyobaki na asilimia kumi haiwezi kubeba kipindi cha saa nzima. Hata mimi, niliyekuwa katikati ya mji, nilishindwa kukaa chumbani kwangu, kwa kuwa kuta za nyumba zetu za mawe ni nene na mtandao haupenyi vizuri. Nilikaa nje barazani, wapita njia wakinisalimia, nami nikiwaitikia huku nimesahau kuzima kipaza sauti. Darasa zima lilisikia mzee mmoja akiniuliza kama mama amesharudi kutoka Dar.

Lakini kasoro kubwa ya video haikuwa bando. Wanaosoma falsafa watakumbuka mazungumzo ya Plato yaitwayo Phaedrus, ambamo Sokrate anayalaumu maandishi. Anasema yanafanana na picha iliyochorwa: ukiitazama utadhani ina uhai, ukiiuliza swali inanyamaza. Nilipokuwa mwaka wa kwanza nilidhani Sokrate alikuwa amechelewa kuzoea teknolojia ya wakati wake. Mbele ya wale 14 waliozima kamera zao nilianza kumwelewa. Video iliyorekodiwa inanyamaza zaidi ya kitabu. Nayo ya moja kwa moja, ikiwa mmoja anasema na wengine ni majina meusi kwenye kioo, haiko mbali nayo.

Mwalimu wangu alikata shauri mapema. Alifuta video. Kuanzia wiki ya nne kila mwanafunzi alituma kurasa mbili kwa wiki, na kila mwanafunzi akajibiwa kwa maandishi au kwa ujumbe wa sauti: si alama na “jitahidi” tu, bali majibu ya msomaji, hapa nimekuelewa, hapa nimepotea, hapa unasema kitu kikubwa halafu unakikimbia. Insha zilizoingia wiki ile zilikuwa 58.

Hilo halikuwa jambo jipya Unguja. Pale Kiungani, kusini kidogo ya mji wa zamani, ndugu zetu Waanglikana wa misheni ya UMCA walikuwa na skuli ya vijana waliokombolewa kutoka utumwani. Mwaka 1887 kilichapishwa London kitabu cha masimulizi ya vijana hao. Waliandika kwa Kiswahili, wakieleza makwao, namna walivyokamatwa na namna walivyouzwa, na A. C. Madan akayatafsiri kwa Kiingereza. Mwaka uliofuata, 1888, Kiungani wakaanza kuchapa jarida la Kiswahili liitwalo Msimulizi, lililobeba habari za vituo vya misheni vilivyotawanyika mbali na kisiwa. Vijana wale waliulizwa jambo ambalo hakuna mtu mwingine duniani angeweza kuwajibia. Waliliandika kwanza kwa Kiswahili. Na alikuwapo mtu aliyekuwa akingoja kuyasoma. Baadaye sana nchi yetu ilikuwa na masomo kwa njia ya posta, kisha Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na chenye kituo chake Zanzibar pia. Kufundisha watu walio mbali kwa njia ya karatasi tumekufanya muda mrefu kabla ya intaneti. Tusijifanye tunaanza leo.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Wiki ya tano swali lilikuwa: eleza kazi unayoijua. Mwanafunzi mmoja wa upande wa Paje alileta insha juu ya kilimo cha mwani. Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka kama kamba. Kilimo cha mwani, ilisema, kina mchango mkubwa katika uchumi wa buluu, kinawawezesha wanawake, kinakabiliwa na changamoto, na wadau wote hawana budi kushirikiana. Kurasa mbili nzima bila mtu hata mmoja ndani yake, na bila maji. Wiki iliyotangulia mwanafunzi huyohuyo alikuwa ameandika aya moja yenye makosa saba. Nikaichukua insha nikaipitisha katika programu moja ya bure inayodai kutambua maandishi ya akili unde. Ikaniambia asilimia 97. Nikaandika: “Insha hii si yako. Andika upya kwa maneno yako mwenyewe. Usirudie.”

Alikaa kimya siku tisa. Mwalimu akaniuliza, “Yule wa mwani yuko wapi?” Nikamwonyesha nilichoandika. Alikisoma, akanirudishia simu, akasema, “Haya,” na hakuongeza neno.

Siku ya kumi ukaingia ujumbe. “Assalaam alaykum, mwalimu Frateri.” (Alidhani Frateri ndilo jina langu, sikumsahihisha.) Zilifuata picha nne za kurasa za daftari, zimeandikwa kwa kalamu ya buluu, na sauti ya dakika mbili. Alisema hana kompyuta. Huwa anaandika kwa mkono, kisha anampelekea kijana wa steshenari amchapie, na simu anaitumia kutuma tu. Safari hii kijana alimwambia Kiingereza chake ni kibovu, atamrekebishia, akampa na programu iliyofanya kazi hiyo kwa dakika moja. Alimlipa shilingi elfu tatu. “Nilifurahi, mwalimu, nikaona sasa insha yangu imekuwa ya chuo. Sikujua kama ni kosa.”

Nikazisoma zile kurasa nne. Mama yake ni mkulima wa mwani. Aliandika, kwa Kiingereza kilichokosea nyakati karibu kila mstari, kwamba mama yake anaujua mwezi kuliko kalenda, kwa sababu bahari inapokupwa mbali siku za bamvua ndipo kazi inapofanyika. Aliandika juu ya vile vijikamba wanavyoviita taitai, vinavyofungia mwani kwenye kamba ndefu, na jinsi vinavyompasua mama vidole pembeni ya kucha. Aliandika kwamba zamani walipanda mwani mnene, wenye bei nzuri zaidi, lakini maji yakawa ya moto na mwani ule ukawa unaoza, wakabaki na mwembamba. Na aliandika kwamba ada ya muhula wake wa kwanza ilitoka humo. Hakuna hata sentensi moja kati ya hizo iliyopona pale steshenari.

Kwa hiyo nilichomtuhumu nacho kilikuwa nusu kweli: maneno yale hayakuwa yake. Lakini insha ilikuwepo, imekaa daftarini Paje, nami sikuiulizia. Nilishughulika na swali la nani kaandika, nikaacha la kwanza kabisa ambalo msomaji anapaswa kuuliza: ulitaka kuniambia nini?

Ile programu ya asilimia 97 nayo inastahili maneno machache, kwa sababu najua wapo walimu wanaoitegemea. ChatGPT ilitolewa mwishoni mwa Novemba 2022. Kampuni iliyoitengeneza ilitoa pia kifaa cha kutambua maandishi ya mashine, na mwezi Julai 2023 ikakiondoa yenyewe kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivijaribu vifaa saba vya aina hiyo kwa insha 91 za mtihani wa Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa za mashine. Sababu yake inaeleweka: anayeandika kwa lugha ya kujifunza hutumia maneno machache na sentensi zilizozoeleka, na vifaa hivyo huyasoma hayo kama dalili ya mashine. Yaani kifaa kinawaangusha hasa watu wa aina ya wanafunzi wetu. Safari ile kilipatia. Ningekitumia kwa wote 63, sijui ningewaudhi wangapi.

Sisemi hakuna wadanganyifu. Wapo, na niliwapata wawili bila programu yoyote. Niliwapigia simu nikawaomba wanieleze aya ya tatu ya insha zao. Mmoja alicheka akasema, “Mwalimu, nisamehe, hata sijaisoma.” Wa pili alikata simu akasingizia mtandao.

Kuna jambo jingine juu ya zile sentensi tatu. Tulisoma mwaka jana habari za Mtakatifu Augustino na Mtakatifu Yeronimo, mmoja Hipo Afrika ya Kaskazini, mwingine Bethlehemu. Augustino, akiwa bado kijana kuliko mwenzake, aliandika barua ya kumkosoa Yeronimo juu ya ufafanuzi wa ugomvi wa Petro na Paulo kule Antiokia. Barua haikufika kwa wakati. Badala yake ikasomwa na watu Italia kabla mwenyewe hajaiona, na Yeronimo akaudhika sana. Ilichukua miaka na barua nyingi za upole kuponya jambo hilo. Hao ni Walimu wa Kanisa! Onyo linaloandikwa linasafiri bila uso wa aliyelitoa. Darasani ningemwita yule dada pembeni, ningeuliza huku nikitabasamu, naye angeniambia habari za steshenari papo hapo. Mtandaoni ilichukua siku tisa, na ilibakia kidogo tumpoteze.

Hapa ndipo wanaopinga masomo ya mtandaoni wana hoja, nami nawakubalia. Waraka wa Vatikano juu ya akili unde, Antiqua et Nova, uliotolewa Januari 28, 2025, unasisitiza kwamba uwepo wa mwalimu kimwili unajenga uhusiano ambao mashine haiwezi kuujenga. Ni kweli. Lakini yule mhudumu wa Nungwi hachagui kati ya mwalimu aliye mbele yake na mwalimu wa mtandaoni. Anachagua kati ya wa mtandaoni na kutosoma. Mwandishi wa Waraka wa Pili wa Yohane anasema wazi kwamba angependa kuja kuzungumza ana kwa ana kuliko kutumia karatasi na wino. Hata hivyo aliandika, kwa sababu siku ile karatasi ndiyo iliyokuwepo. Swali letu ni kiasi gani cha uwepo kinaweza kusafiri. Nimeona kwamba kinasafiri kingi kuliko tunavyodhani, mradi upande wa pili yupo mtu anayesoma.

Na hapo ndipo penye ugomvi wangu na vyuo. Insha moja ya kurasa mbili, ukiisoma kwa haki na kuijibu, inachukua dakika kama 20. Insha 63 ni saa 21 kila wiki. Tulikuwa wawili, tukagawana, na bado Jumamosi zangu zilikwisha barazani. Sasa chukua darasa la mtandaoni la wanafunzi 200 lenye mhadhiri mmoja, jambo ambalo halishangazi mtu siku hizi kwa kuwa mtandaoni hakuna viti vya kuhesabu. Hizo ni karibu saa 67 kwa wiki, kwa somo moja tu. Hakuna binadamu atakayezifanya. Kitakachotokea tunakijua: alama zitatolewa kwa kuangalia urefu, programu itaachiwa kazi ya polisi, na mwanafunzi atajifunza upesi kwamba hakuna anayemsoma. Akishajua hivyo, kwa nini asimpe mashine iandike? Kwa nini aseme na ukuta kwa sauti yake mwenyewe? Uvivu wa mwanafunzi tunaupigia kelele sana, lakini mara nyingi sisi ndio tulioanza kwa kutomsoma.

Chuo kinachofungua darasa la utungaji mtandaoni kwa kuwa ni rahisi kwa fedha kimepiga hesabu vibaya. Kinaokoa gharama ya chumba na viti. Kinapaswa kuitumia akiba hiyo kulipa wasomaji, msomaji mmoja kwa wanafunzi 30 hivi, na watu wa kazi hiyo wapo: walimu wastaafu, wahitimu wasio na ajira ambao tunawaona kila Jumapili parokiani wakiimba kwaya na kurudi nyumbani, na ndiyo, mafrateri walioko likizo. Rasimu ya kwanza iandikwe kwa mkono, ipigwe picha na kutumwa kabla ya yoyote iliyochapwa. Simu ya kawaida ya kamera inatosha. Anayetaka aiandike kwa Kiswahili. Najua wapo watakaolalamika kwamba somo ni la Kiingereza, lakini mtu wa Paje au Makunduchi anayefikiri kwa lugha yake halafu akavuka kwenda Kiingereza anafika na mzigo wake. Anayeanzia Kiingereza mara nyingi anafika mikono mitupu, na hapo ndipo kijana wa steshenari anapompatia mzigo wa kukodi. Mtihani wa mwisho ufanyike kituoni, kwa kalamu, kama inavyofanyika kwingi. Hilo halina mjadala mrefu.

Hayo yote hayamsaidii kila mtu. Mwanafunzi mmoja wa Nungwi alituma insha nzuri mbili, kisha hakutuma tena. Tulipiga, simu haikupatikana. Sijui kama ni kazi, ada au maradhi. Darasani ningemkuta rafiki yake nimuulize.

Yule dada wa mwani nilimwomba radhi kwa sauti, maana nilishaogopa kuandika. Alijibu, “Hapana neno, mwalimu.” Kisha nikamtumia maswali juu ya kurasa zake za daftari. Mama anajuaje siku ya kwenda? Mwani mnene ulikufa mwaka gani, na mama alisema nini siku ile? Alikwenda kumuuliza. Toleo la pili lilirudi na kurasa tatu. Toleo la tatu nililikata kidogo mwenyewe, nikaona aya ya bamvua ni ndefu, nikamrudishia nikiwa tayari nimeshapanga begi la kurudi seminarini.

Jibu lake lilinikuta kwenye boti ya kwenda Dar, kabla mtandao haujapotea. Alikuwa amemsomea mama insha yote, akimtafsiria kwa Kiswahili. “Mama anakusalimu. Anasema ile aya ya bamvua umeikata pabaya, mwalimu, hapo ulipoacha maji bado hayajatoka. Nimeirudisha.”